Mahindi ya Babu Feruzi

Harub aliingia jikoni akauliza ile ni harufu ya nini, na hali harufu yenyewe alikuwa akiijua tangu utotoni. Hamdiya, mkewe, alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa tangu asubuhi, akiongeza maji kila yanapopungua, na miguu ilikuwa ikimuuma mpaka kwenye nyonga. Nyuma yake Nalule, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ile ya Ghubra, mjini Maskati, kwa mwaka wa tatu sasa, alikuwa akipangusa vikombe vya kahawa na kuvipanga kwenye sinia.

"Nnauliza, Hamdiya. Leo?"

"Leo ni Alkhamisi ya mwisho ya Shaabani," alisema Hamdiya. "Kalenda siipangi mimi. Wageni umewakaribisha wewe."

"Siku wameitaka wao. Wanataka jambo limalizike kabla ya Ramadhani."

"Basi na mama yako naye anataka lake limalizike kabla ya Ramadhani."

Kila mwaka, Alkhamisi ya mwisho kabla ya mfungo, mahindi makavu yalipikwa nyumbani mwao kwa amri ya Bi Masouda, mama yake Harub. Hayakutiwa nazi wala sukari, ila maji na chumvi kidogo, na yalikaa motoni mpaka punje ikibinywa kwa vidole viwili ipondeke yote isibaki kiini. Sufuria la presha Bi Masouda hakulitaka hata kulisikia. Yakishaiva, bakuli la kwanza humpa kwa mkono wake mtu aliyebeba mzigo siku ile. Mwaka mmoja alikuwa mleta maji ya chupa, mwaka mwingine kibarua wa Kibangali aliyekuwa akipandisha matofali nyumba ya pili. Mtu akae chini, ale mpaka amalize, ndipo wengine wapakuliwe. Ilikuwa sadaka ya babu yake Bi Masouda, Babu Feruzi, aliyekwenda vitani zama za Mjerumani na Mwingereza akarudi na tumbo ambalo halikupona tena.

Babu huyo alikuwa babu wa pande zote mbili, maana Bi Masouda aliozwa binamu yake. Kwa hiyo ukimgusa Feruzi umemgusa Harub, na umemgusa Ibtihal binti yake. Na hapo ndipo penye kidonda. Jina la kabila walilokuja nalo Maskati kutoka Unguja, lile lililoandikwa kwenye pasi zao zote, Feruzi alilipata kwa mabwana wa shamba aliokuwa mtumwa wao utotoni. Watu wengi wana majina ya namna hiyo na hakuna anayewauliza, mpaka ifike siku ya kuoana. Siku hiyo watu huanza kupigiana simu, huulizwa mzee fulani aliyeko Soharu, huulizwa bibi fulani aliyebaki Unguja, na jibu likirudi si zuri, upande wa mume huleta udhuru mmoja tu unaojulikana. Miaka miwili nyuma Ibtihal aliposwa na kijana wa watu. Baada ya wiki mbili mama yake kijana alipiga simu akasema kwa sauti tamu kwamba wamesali istikhara na haikutoa kheri. Hamdiya alisema alhamdulillahi, akaweka simu, akaenda chooni akafungua maji ya bomba ili asisikike akilia.

Sasa Ibtihal ana miaka thelathini na moja, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na jioni ile walikuwa wanakuja watu wa Bawshar: Mzee Asaad, mkewe Bi Sayyida, na mtoto wao Humam.

"Zima," alisema Harub. "Nyumba yote inanukia mahindi. Zima, toa nje, kesho tutaendelea."

"Hayajaiva. Na hayapikwi kesho, yanapikwa leo."

"Hamdiya, mimi nakuomba."

Hamdiya akazima gesi. Si kwamba alikubali. Alikuwa amechoka tu, na kubishana na Harub kunamtaka mtu aliyelala usingizi wake wote. Alimwambia Nalule washike huku na huku, wakalitoa sufuria mpaka jiko la uani, na alipokuwa akilifunika alimwambia msichana asimwambie bibi kitu.

"Jaja akiuliza?" alisema Nalule. Hivyo ndivyo alivyomwita Bi Masouda, kwa jina la kwao la bibi.

"Akiuliza ntamjibu mimi."

* * *

Bi Masouda alikuwa kitandani kwake amekaa, amevaa kanga zake mpya, tasbihi mkononi. Chumba chake kilikuwa karibu na mlango wa uani, kwa sababu ngazi hakuziweza tena. Sukari ilikuwa imemla hisia za vidole, na meno yalikwisha zamani. Mahindi yenyewe hakuwa akiyala tena wala kuyabinya kuyajaribu. Kwa miaka minne hivi kazi ya kuyabinya ilikuwa ya Hamdiya. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Juzi tu alimkumbusha Hamdiya siku ya kwenda kujaza gesi, na siku ya kuzaliwa mtoto wa dada yake, na akamsahihisha jina la mwalimu aliyemfundisha Ibtihal darasa la pili.

Harub alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, leo wageni wakija, wewe pumzika. Mimi ntawaambia hujisikii vizuri."

"Mimi sijisikii vizuri?"

"Mwaka wa jana ulikuwa huumwi?"

"Mwaka wa jana nilikuwa nnaumwa, na nilikaa na watu." Aliiweka tasbihi mapajani. "Unanificha, Harub."

"Sikufichi. Nnachotaka, lile la babu lisizungumzwe. Leo tu."

Harub alipostaafu wizarani alijipa kazi ya kuisoma vita ile. Aliijua yote. Alijua namna wafalme wawili wa Ulaya waliokuwa majirani Afrika walivyopigana kwenye mpaka waliouchora wenyewe kwa rula. Alijua mstari wa vita ulivyoanzia Jasin, pale bahari inapokutana na mpaka, ukapanda Taveta, ukazunguka Kilimanjaro, ukafika ziwani na mto Kagera, kisha ulivyosukumwa kusini mwaka baada ya mwaka mpaka Kilwa na Lindi. Alikwenda Wadi Kabir kwa Wahindi wanaochapa mabango ya maduka, akachapisha ramani kubwa ya turubai, akaitundika majlisi, chumba cha kupokelea wageni wanaume. Na mgeni akimuuliza vita hii wewe inakuhusu nini, alijibu kwamba babu yake mzaa babu alikuwa ofisa katika kikosi cha Waarabu wa Mombasa, alipigana Jasin. Uongo huo haukuanza mkubwa. Mgeni mmoja alidhani hivyo, Harub akanyamaza, na mgeni wa pili alipoambiwa, Feruzi alikuwa ameshavishwa upanga. Mzee Asaad ndiye aliyeipenda hadithi hiyo kuliko wote. Walikutana kwenye harusi, wakazungumza habari za Jasin mpaka chakula kikapoa, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfungulia Humam njia ya kusema nyumbani kwao kwamba kuna msichana anamtaka.

"Mimi maiti simsingizii," alisema Bi Masouda. "Nisipoulizwa, sitosema. Nikiulizwa, nna miaka themanini na sita, siendi kuanza uongo leo."

"Hutoulizwa. Utakuwa umepumzika."

Ibtihal aliingia, bado amevaa koti jeupe la kazini, akambusu bibi yake kichwani. Bi Masouda alimshika mkono.

"Huyu Humam, yeye anajua?"

Ibtihal alimtazama baba yake kwanza. "Anajua, Bibi. Nilimwambia mimi mwenyewe tangu mwanzo."

"Akasemaje?"

"Kasema kwake yeye si kitu. Kasema babake tu asijue."

Hamdiya alikuwa mlangoni na mashuka mikononi, na aliyasikia maneno yale yakimwingia vibaya, ingawa aliyajua kabla. Kijana mzuri, hana tatizo, hataki tu ijulikane. Na bado walikuwa wakimwombea dua aje.

"Unamtaka?" aliuliza Bi Masouda.

"Nnamtaka, Bibi."

"Haya. Mahindi yameiva, Hamdiya?"

Hamdiya aliyaweka mashuka juu ya kiti. "Karibu, Mama."

* * *

Wageni walifika baada ya sala ya alasiri. Kahawa ilipita, halua ikapita, udi ukafukizwa. Wanawake walikaa sebuleni, na Hamdiya alipokuwa akienda na kurudi alimsikia Mzee Asaad majlisi akisoma majina ya ramani kwa sauti, Harub akimweleza, na Humam akikohoa. Bi Sayyida alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye macho yanayopita juu ya mapazia na zulia bila ya kusimama. Aliuliza habari za mama mkubwa wa nyumba. Hamdiya akajibu kwamba amepumzika, kifua kinamsumbua.

Na kwa sababu wakati ule Bi Masouda alikuwa ameshaita mara mbili kwa sauti iliyosikika, Hamdiya alikwenda uani, akafunua sufuria, akapakua bakuli moja. Alibinya punje. Nje ilikuwa laini, ndani ina kiini kigumu cha kugonga kucha. Alisimama na bakuli mkononi. Kuyapika upya kulitaka saa nyingi, na bibi akiita mara ya tatu angetoka mwenyewe na gongo lake. Akaliingiza bakuli chumbani, akaliweka juu ya meza.

"Yameiva?"

"Yameiva, Mama. Kaa nayo tu kidogo."

Alirudi sebuleni akidhani amejipatia nafasi ya saa moja. Hakuwa amekaa sawasawa Mzee Asaad alipotokea ukumbini, Harub nyuma yake, uso umempauka.

"Hatuwezi kuondoka hatujamwamkia bibi," alisema Mzee Asaad. "Huyu ni mkubwa wetu sote. Kama hawezi kuja, sisi tutamwendea."

Nani angemzuia? Mzee anataka kumwamkia mzee mwenzake. Wakaenda wote, Mzee Asaad mbele, Bi Sayyida akimfuata, Harub, Humam akiwa ameinamisha kichwa. Hamdiya alimwona Ibtihal akitoka chumba cha pili na kusimama ukutani karibu na mlango. Chumba kilikuwa kidogo, wakajazana. Nalule alikuja na sinia zito la sharbati na gilasi, akapenya katikati ya watu, akaliweka, na alipogeuka kutoka, Bi Masouda alimshika kanga.

"Wewe umebeba tangu asubuhi," alimwambia. "Kaa."

"Jaja, nina kazi."

"Kaa, mwanangu. La kwanza ni lako."

Akampa bakuli kwa mikono yake miwili. Nalule alimtazama Hamdiya, na yeye aligeuza uso. Msichana aliwatazama wageni waliosimama wakimzunguka na kanzu zao nyeupe. Kukataa hakukuwezekana, na kutoka hakukuwezekana. Akakaa kwenye zulia, akaanza kutafuna. Kila mtu chumbani aliyasikia meno yake.

Mzee Asaad alicheka kwa wema. "Mashaallah. Na hii ni ada gani, bibi?"

"Mahindi ya babu yangu."

"Babu yupi? Yule ofisa wa Jasin?" Aligeuka kwa Harub kwa furaha. "Hili hukunambia. Ndicho chakula cha maofisa?"

Harub alifungua kinywa. Bi Masouda alikuwa ameshaulizwa.

"Babu yangu hana bunduki," alisema. "Bunduki angeipata wapi? Walikuja kuwachukua shamba, askari wa serikali, wakawafunga kamba, wakawapakia melini. Mwarabu hakuchukuliwa, Mhindi hakuchukuliwa. Walichukuliwa watu kama babu, yeye na ndugu yake Mabruki. Wakashushwa Kilwa. Hiyo Kariakoo mnayoisikia, jina lake linatokana na wao hao, wabebaji wa vita. Mjerumani anakimbia na watu wake waliobeba, Mwingereza anamfuata na wake waliobeba. Punda wameshakufa kwa mbung'o, farasi wamekufa. Risasi nani abebe? Kitanda cha mzungu nani abebe? Ikaja mvua, mito ikajaa, watu wanalala majini. Wanapewa mahindi makavu, na kuni zimerowa. Yataiva na nini? Wanatafuna hivyo hivyo."

Nalule alitafuna. Hamdiya alitamani bakuli lile lianguke livunjike.

"Babu alikuwa akisema, waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa tumbo. Mtu anaanguka njiani, wenziwe wanamruka, kwani ukisimama kumzika unapigwa. Mabruki alianguka. Babu alimruka ndugu yake kwa mguu wake mwenyewe, na mzigo kichwani. Aliporudi alikula yamini. Nyumbani kwake hatokula mtu mahindi mabichi. Na anayebeba ndiye atakayekula mwanzo."

Bi Sayyida ndiye aliyesema, pole pole, na macho yake yalikuwa yamesimama sasa.

"Kwa hiyo alikuwa mpagazi."

Kila mtu mle ndani alijua neno hilo limekwenda wapi. Lilikwenda moja kwa moja kwenye maneno ya Mwarabu hakuchukuliwa: basi Feruzi hakuwa Mwarabu. Harub alikuwa akitazama zulia. Humam, aliyejua yote tangu mwanzo, alitazama simu yake iliyokuwa imezimwa. Hamdiya alimwona binti yake mlangoni amejifunika mdomo kwa ukaya, na alijua simu ya istikhara itakuja kabla ya mfungo, na sauti itakuwa tamu vile vile, na safari hii Ibtihal hatosimama tena.

"Mama anachanganya," alisema Hamdiya.

Alijishangaa kwa namna sauti yake ilivyotulia. "Tusameheni. Siku hizi kumbukumbu imemchanganyikia, anachukua maneno ya huku anaweka huku. Huyo aliyekuwa mpagazi ni babu wa jirani yao wa Ng'ambo. Alikuwa akija barazani kwao kuwahadithia watoto. Sivyo, Mama? Si babu wa jirani?"

Bi Masouda aligeuza kichwa akamtazama mkwewe, mwanamke aliyemwogesha asubuhi ile ile na kumkata kucha. Alimtazama vizuri, bila ya haraka. Kisha akamtazama Ibtihal pale mlangoni, na hapo macho yake yalikaa sana.

"Wewe nani?" alimuuliza Hamdiya.

"Mimi Hamdiya, Mama."

"Aa. Ndiyo." Akapitisha mkono usoni. "Babu wa jirani. Ndiyo. Nnasahau siku hizi." Akamgeukia Mzee Asaad. "Na wewe ndiye daktari? Umekuja kunipima?"

Pumzi ziliwatoka watu wote kwa pamoja. Mzee Asaad aliinama akambusu mkono, akasema inshaallah atapona, akasimulia habari za mama yake yeye ambaye mwisho wa maisha alikuwa akimwita kwa jina la mbuzi. Bi Sayyida alimshika Hamdiya bega, akamwambia pole, kuuguza mtu wa namna hii si mchezo. Walitoka wakicheka kidogo kidogo. Bi Masouda alibaki kitandani akitabasamu kwa kila mmoja anayepita, tabasamu la mtu asiyejua yuko wapi, na alilishikilia mpaka wa mwisho alipotoka.

* * *

Fatiha ilisomwa majlisi chini ya ramani. Bi Sayyida alimvisha Ibtihal pete. Siku ya ndoa wakakubaliana iwe baada ya Idi, na Mzee Asaad, alipokuwa akivaa viatu, alisema siku ya karamu lazima Harub asimame aeleze habari za Jasin, watoto wa leo hawajui walikotoka. Harub alisema inshaallah. Alikuwa amefurahi kweli, maskini, alitembea ukumbini huku na huku kama mtu aliyetua kitu kizito.

Magharibi Nalule hakuonekana jikoni. Hamdiya alimkuta chumbani kwake amejikunja, jasho limemtoka, ameshakwenda chooni mara tatu.

"Mbona uliyamaliza yote?"

"Madam, watu walikuwa wananiangalia," alisema Nalule. "Na Jaja anasema kula. Kwetu pia tunapika mahindi hivyo, empengere. Nilijua kwamba bado. Ningesema nini?"

Hamdiya alimpa dawa, akamletea maji ya chumvi na sukari. Alipogeuka alimkuta Bi Masouda amesimama mlangoni na gongo lake. Hakuna ajuaye alisimama pale tangu lini.

"Hayakuiva," alisema Bi Masouda.

Hamdiya angeweza kusema uongo mwingine siku ile. Hakuwa na nguvu ya kuutunga. "Hayakuiva, Mama. Harub alisikia harufu, nikazima gesi mchana. Nilikuwa nnataka wageni waondoke kwanza. Nisamehe."

Bi Masouda aliushika mlango. "Lile la jirani nimelisema mimi, kwa kinywa changu. Hilo ntaulizwa mimi. Lakini mahindi ulinambia yameiva." Sauti haikupanda hata kidogo. "Nimempa mtoto wa watu mahindi mabichi kwa mikono yangu. Mbele ya watu. Na mimi nnahadithia."

Akageuka, akaenda chumbani kwake akiugusa ukuta. Hamdiya alimfuata lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na alipoubisha alijibiwa kwamba anasali.

Ibtihal alikubaliwa kuingia baadaye. Kutoka ukumbini Hamdiya aliwasikia.

"Bibi, ningesema mimi. Nilikuwa nnataka kusema."

"Ungesema lini, mwanangu?"

Ibtihal alitoka macho yamevimba, akampita mama yake bila ya kumtazama, akiizungusha pete kidoleni ambayo ilikuwa imempwaya kidogo.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Hamdiya aliamka na sala akawasha gesi, sufuria lile lile, ndani, katikati ya nyumba. Hakumwomba mtu ruhusa. Alifungua madirisha na harufu ikaenda ilikokwenda. Nalule alikuwa amepata nafuu, amekaa kwenye kiti jikoni na chai ya tangawizi, na kila akitaka kuinuka Hamdiya alimwambia kaa. Walipika mpaka jua likapanda. Hamdiya alibinya punje moja, akabinya ya pili, akabinya kumi na zaidi, mpaka akaridhika kwamba hakuna kiini popote. Hakukumbuka tangu lini alifanya jambo kwa umakini wa namna ile. Aliona kwamba hili walau linarekebishika.

Alipakua bakuli la kwanza, akalifunika kwa sahani, akaenda nalo chumbani. Nalule alimfuata kwa ajili ya kupewa. Harub alikuwa ukumbini, ameshavaa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, anajipaka mafuta ya udi. Aliisikia harufu na safari hii hakuuliza. Akawafuata mpaka mlangoni. Ibtihal naye alikuja.

"Mama, yameiva," alisema Hamdiya. "Wallahi leo yameiva. Nimeyabinya mimi mwenyewe. Nalule huyu hapa. Mpe."

Bi Masouda alikuwa amekaa pale pale alipokaa jana, na kanga zile zile. Mikono ilikuwa mapajani. Hakuitoa.

"Ni sadaka ya nani?" aliuliza.

Hamdiya alidhani labda kweli amechanganyikiwa. "Ya babu, Mama."

"Babu wa nani?"

Alikuwa akimtazama kwa macho yake yale yale makavu, mazima. Hakuna kilichomchanganyikia. Hamdiya alitaka kusema babu yako, na maneno yalikuwa mafupi, lakini jana aliyasema mengine mbele ya watu, na watu wale sasa ni wakwe. Alimtazama Harub amsaidie. Harub alikuwa akitengeneza kilemba chake, ambacho kilikuwa sawa.

"Babu wa jirani, mimi siwezi kumtolea sadaka," alisema Bi Masouda. Alisema kwa upole, kwa sauti ya kumweleza mtoto. "Ana wenyewe. Wapelekeeni wenyewe."

Akachukua tasbihi yake.

Walitoka mmoja mmoja. Adhana ya kwanza ya Ijumaa ilikuwa ikiadhiniwa na Harub akasema atachelewa. Ibtihal alibaki amesimama ukumbini. Jikoni Hamdiya aliliweka bakuli juu ya meza, akajishika kiuno, akalitazama sufuria lililojaa mpaka juu, mahindi laini, meupe, ya kumwagika. Nalule alikuwa ameshavaa ushungi wake na viatu vya nje, amelichukua bakuli na kulifunika vizuri na sahani yake.

"Madam," alisema, "huyo jirani ni nyumba gani?"

Hamdiya alivuta kiti akakaa.